Katamarani ndogo kwa mwenye miaka 60 na ushei: Hobie 16, Wave, Getaway, au turudi kwenye ngalawa?

Kabla hujauliza chombo kinakwenda mbio kiasi gani, uliza maji yakikupwa kitakaa wapi na nani atakivuta. Mimi swali hilo sikuliuliza nilipokuwa na miaka 40. Nyumbani nilikuwa na vijana wawili wenye mabega, na mgongo wangu ulikuwa bado haujajitambulisha. Sasa nina miaka 67. Vijana wameoa, wako bara kwenye shughuli zao, na mgongo tumeshafahamiana vizuri.

Ninaandika kwa ajili ya watu wa rika langu wa huku pwani, hasa wale wawili watatu wa barazani kwetu Kunduchi, Dar es Salaam, waliostaafu, wakabakiwa na vijisenti vya kiinua mgongo, na sasa kila jioni wananiuliza wanunue kipi. Wanataka chombo cha tanga cha kuendea kisiwa cha Mbudya asubuhi na kurudi mchana, bila petroli na bila kumwomba mtu. Nimewahi kushika usukani wa vyote nitakavyovitaja, na kimoja ninacho hadi leo. Kwa hiyo nina upendeleo, na sitauficha.

Kwa nini mitumbwi miwili

Katamarani ndogo ni mitumbwi miwili myembamba iliyoungwa kwa boriti za alumini, katikati pametandikwa turubai gumu la kukalia. Mpwani hahitaji kufundishwa wazo hili, maana ngalawa na matengo yake ya pembeni ni ndugu yake wa damu. Upana ndio unaoishikilia, si uzito wa chini. Haina mkuku (uti wa chini) mzito, inaelea kwenye maji ya magotini, na unaipandisha moja kwa moja mchangani.

Faida yake kwa mtu mzima ni kwamba haikuharakishi. Kwenye vile vimashua vya michezo vya mwili mmoja, upepo ukikaza sharti urukie upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, na ukibisha, yaani ukigeuza chombo kuvuka upepo, unapita chini ya boriti ya tanga umejikunja kama mtu anayetoka banda la kuku. Kwenye katamarani unatambaa. Ukichelewa kidogo, chombo kinakusubiri.

Ila subira hiyo ina mpaka. Chombo cha mwili mmoja hulala kidogo kidogo, kinakuonya. Katamarani inatulia, inatulia, kisha mtumbwi mmoja unanyanyuka, na ukizembea kulegeza demani, yaani kamba ya tanga, chombo chote kinalala ubavu. Mlingoti nao ukizama, inageuka kichwa chini miguu juu, na hapo inatulia vilevile kama ilivyokuwa imetulia mwanzo. Hapo ndipo umri wako unapoulizwa.

Namba za kiwandani za katamarani tatu za kampuni ya Hobie ni hizi:

| Chombo | Urefu | Upana | Uzito | Matanga |
|---|---|---|---|---|
| Hobie 16 | m 5.05 | m 2.41 | kilo 145 | mawili, jumla kama m² 20 |
| Hobie Wave | m 3.96 | m 2.13 | kilo 111 | moja, kama m² 9 |
| Hobie Getaway | m 5.04 | m 2.34 | kilo 177 | mawili, jumla kama m² 17 |

Ngalawa sikuiweka kwenye jedwali kwa sababu hakuna mbili zinazolingana. Kila mwembe unaochongwa ngalawa una mambo yake.

Uangalie uzito huo pamoja na ukubwa wa matanga. Hobie 16 ina tanga zaidi ya mara mbili ya Wave, lakini imeizidi kilo 34 tu. Kwenye tofauti hiyo ndiko inakotoka raha yake, na ndiko yanakotoka maumivu yake. Na kilo hizo ni za chombo kipya, kikavu. Kilichokaa miaka kumi juani, mitumbwi ikawa inakunywa maji kwa siri, ni kizito kuliko kinavyosema karatasi.

Kupinduka na kupanda tena

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wauzaji hawakai.

Chombo kikilala, kwanza usikiache. Ufuko unaonekana karibu kuliko ulivyo, na mtu akiwa juu ya kitu kinachoelea huonekana kwa urahisi kuliko kichwa kinachoogelea. Fungua demani zote, la sivyo kikisimama kitaondoka bila wewe. Sogea kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, nacho kitajizungusha taratibu hadi omo ikabili upepo. Kisha rusha kamba juu ya mtumbwi wa juu, simama kwenye mtumbwi wa chini, na uegemee nyuma kwa uzito wako wote. Usivute kwa mikono. Egemea kama unayegoma kuingia ndani, na ungoje. Upepo ukipata mwanya chini ya tanga utakusaidia, na mlingoti utaanza kunyanyuka, polepole sana mwanzoni, kisha kwa ghafla. Hapo jihadhari na mtumbwi wa pili unaoshuka, na ushike boriti ya mbele usiiachie.

Wengi hudhani mtihani umekwisha. Bado. Sasa uko majini, umechoka, moyo unakwenda mbio, na turubai liko juu ya kichwa chako. Kijana hujivuta akapanda kama paka. Mtu wa miaka 67 mwenye bega bovu anaweza kuning'inia pale kwa dakika kumi akiangalia uzuri wa bahari. Dawa yake ni rahisi, nayo nimeishona mwenyewe: mkanda mpana, wa aina ile ya kufungia mizigo, ufunge kitanzi kwenye boriti ya nyuma, kishuke hadi magotini, uweke mguu kama unapanda ngazi. Chombo chochote utakachonunua, kitanzi hicho kifunge siku ya kwanza.

Hobie 16: ukinunua hii, unanunua na kijana

Hobie Alter alikuwa mtengenezaji wa mbao za kutelezea mawimbini huko California. Mwaka 1968 alitoa Hobie 14, na muda mfupi baadaye ikaja hii ya futi 16. Zimeshatengenezwa zaidi ya 100,000. Kwa mnunuzi, wingi huo maana yake ni moja: vipuri vinapatikana, na zilizotumika hujitokeza kila mara hoteli au klabu inapobadilisha vyombo.

Mitumbwi yake imepinda kama ndizi. Upande wa nje ni bapa, wa ndani umevimba, na umbo hilo linafanya kazi ya mkuku, linaizuia isisukumwe upande. Turubai limeinuliwa juu ya nguzo nne fupi, kwa hiyo unakaa juu ya maji na hulowi sana. Upepo wa kaskazi wa mchana wa Januari, bahari imenyooka, unaikalia ubavuni na mtumbwi mmoja umeacha maji kwa upana wa kiganja. Sijui raha nyingine ya bei hiyo. Siidharau Hobie 16. Nilikuwa nayo miaka kumi na moja.

Lakini omo zake ni nyembamba. Ukiwa na upepo wa kutoka nyuma ya ubavu, na hasa miezi ya Juni hadi Agosti wakati kusi inasukuma kweli, omo ya upande unakoelekea upepo huchoma maji, chombo kinasimama papo hapo, na abiria mnaendelea na safari. Nimerushwa hivyo mara mbili. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nilikuwa na miaka 56, nikagonga mbavu kwenye waya unaoshikilia mlingoti, na kwa wiki sita nilikuwa nalala upande mmoja kama samaki wa sokoni. Kinga yake ni kukaa nyuma kabisa na kulegeza tanga mapema. Ni jambo la sekunde moja, na sekunde hiyo ndiyo inayopungua kadiri miaka inavyoongezeka.

Kubisha kwake kunataka mikono minne. Tanga la mbele unaliacha kwanza lishike upepo upande usio wake, lisukume omo ivuke upepo, ndipo unalihamishia upande wa pili, na wakati huohuo kana (mkono wa usukani) inageuzwa na kichwa kinainamishwa kukwepa boriti. Peke yako inawezekana. Nimeona watu wakifanya, na nilifanya. Sasa sifanyi.

Mlingoti wake una urefu wa mita 8. Kuusimamisha kunataka watu wazima wawili, na wa tatu wa kutoa maoni, ambaye ufukweni hakosekani.

Na ikilala, hesabu inayotumika ni kwamba inataka kama kilo 130 za watu wanaoegemea ili isimame. Mimi nina kilo 72. Upo mfuko unaojazwa maji na kutundikwa kwenye kamba ili kuongeza uzito, na unasaidia, lakini kumbuka unaujaza ukiwa umesimama juu ya mtumbwi unaoyumba katikati ya mawimbi. Kwa hiyo kama kuna mjukuu wa miaka 20 anayekuja kila Jumamosi bila kukosa, na anapenda bahari kuliko simu, chukua Hobie 16 na Mungu akubariki. Kama mjukuu huyo yuko kwenye ahadi tu, iache.

Hobie Wave: ninayo hii

Ilitoka mwaka 1994, kazi ya wasanifu wawili wa Marekani, Morrelli na Melvin, ambao pia wamebuni katamarani za mashindano makubwa. Hii hawakuibuni kwa mashindano. Waliibuni kwa mtu wa hotelini ambaye jana hakuwa anajua tanga ni nini, na kwa kufanya hivyo wakatubunia sisi wazee bila kukusudia.

Mwili wake si faiba. Ni plastiki ya jamii ileile ya matangi ya maji tunayoweka juu ya paa. Ikigonga mwamba inakwaruzika, haipasuki ovyo. Omo ni nene, zimejaa, na sijawahi kuziona zikichoma maji kwa namna ya kunirusha, hata siku za kusi nilizotoka nikijua fika kwamba ningepaswa kubaki barazani. Tanga ni moja. Chini ya tanga hakuna boriti, kwa hiyo hakuna cha kukupiga kichwa. Demani ni moja, kana ni moja, mkono mmoja kwa kila kimoja. Mlingoti ni mfupi, kama mita 6, na ninausimamisha na mtu mmoja yeyote anayepita, hata awe muuza madafu.

Ikilala naisimamisha peke yangu. Si kwa kiburi nasema hivyo: kila mwaka kabla ya msimu wa kusi naipindua makusudi kwenye maji ya shingoni nione kama bado naweza. Mwaka ambao sitaweza ndio mwaka nitakaoiuza.

Sasa aibu zake. Upepo ukiwa mwembamba, kama ule wa maleleji kabla kaskazi haijashika, Wave inakaa majini kama kabati. Tanga lake ni dogo na halina msaidizi mbele. Kwenda joshini inakwenda, lakini kwa kuomba ruhusa. Ukibisha na mwendo mdogo inakwama uso kwa uso na upepo, na inabidi uirudishe kinyumenyume, usukani umeupindua kinyume, mpaka omo iamue upande. Siku moja nilikuwa nimekwama hivyo mbele ya Mbudya, ngalawa ya vijana wawili wa uvuvi ikapita karibu, tanga limejaa.

"Shikamoo babu! Umetia nanga?"

"Marahaba. Nasubiri daladala."

Walicheka mpaka wakapotea upande wa kisiwa cha Bongoyo. Haya ndiyo malipo ya kuchagua Wave. Ukiwa bado una moyo wa kushindana, utaumia.

Bamvua, yaani sababu ya kilo kuwa muhimu kuliko mwendo

Nimesema swali la kwanza ni nani atavuta. Tufanye hesabu ya kwetu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa kwenye ufuko wa Dar es Salaam hufika mita 3 na zaidi. Na siku hizo maji makavu kabisa huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi. Ukitoka saa moja na nusu na upepo wa umande, ukazunguka kidogo, ukarudi saa nne na nusu, kati yako na mnazi wako kuna uwanja wa mchanga, majani ya bahari na matumbawe madogo, mwendo wa dakika kadhaa kwa miguu. Chombo kinabaki pale. Wewe nawe unabaki pale, juani, au unakivuta.

Kilo 111 kwenye magurudumu mapana ya mpira, mchanga ukiwa mgumu, mtu mmoja anavuta kwa kupumzika mara tatu nne. Kilo 145 watu wawili. Kilo 177 ni kazi ya kuita watu, na watu wakiitwa wanataka chochote. Bila magurudumu usijaribu hata Wave, maana nimeona mwenzangu akiburuza ya kwake kwa msimu mmoja tu, chini ya mitumbwi pakaisha kama soli ya kiatu cha mwalimu. Magurudumu hayo ni ghali, na watu huyaacha wakidhani ni mapambo. Kama fedha zinatosha chombo tu bila magurudumu, fedha hazitoshi.

Njia nyingine ni kujifunza kalenda. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali, unatoka na kurudi saa yoyote. Mimi wiki za bamvua natoka mchana, maji yakiwa yanajaa. Baada ya kustaafu, saa ni zangu.

Hobie Getaway: sebule inayoelea

Ni ndefu sawa na Hobie 16 lakini tabia ni nyingine kabisa. Plastiki kama Wave, omo zimejaa, na mbele ya mlingoti kuna turubai la pili ambapo wajukuu wanalala kifudifudi wakiangalia maji. Tanga la mbele linajikunja kwa kuvuta kamba moja, jambo ambalo siku upepo unapopanda ghafla lina thamani kuliko mwendo wowote. Tanga kubwa halina boriti. Unaweza kuongezea mbawa za kukalia pembeni, zenye mahali pa kuegemea, na hapa lazima nikiri: saa mbili kwenye mbawa hizo mgongo wangu haukusema neno. Kwenye Wave unakaa chini miguu imenyooka mbele, na magoti yanadai haki yao usiku.

Mke wangu anapenda Getaway. Alipanda mara moja ya rafiki yetu, akakaa kwenye mbawa na chupa yake ya chai, akauliza kwa nini sisi tuna ile ndogo. Nilimweleza habari za kilo 177. Hakuridhika, na mpaka leo hajaridhika.

Ikilala ndipo utakapomkumbuka kila aliyekukatalia mwaliko siku ile. Ni nzito, na kichwani pa mlingoti lazima uweke boya lake ili mlingoti usizame na chombo kisigeuke juu chini. Bila boya hilo, mzee na wajukuu wawili hamuisimamishi. Heri yake ni kwamba hailali ovyo. Watu wanne juu yake, tanga la mbele limekunjwa, inatembea kama basi. Kwa familia inayotoka pamoja, na yenye mlinzi au kijana wa ufukweni wa kusaidia kuvuta, mimi mwenyewe ningeichagua kabla ya Wave. Kwa mzee anayetoka peke yake, hapana.

Ngalawa, na ile ngalawa ya plastiki

Kuna anayeniambia: mbona unahangaika na vya Wamarekani, baba yako alikufa na ngalawa. Ni kweli. Na ngalawa ina mambo mawili mazuri: fundi wake yuko kijijini, na ikijaa maji haizami kwa sababu ni mti. Mirengu na matengo ya pande zote mbili yanaifanya iwe ngumu kupinduka.

Lakini gogo la mwembe lililochongwa ni zito, na kila ukipumzika lazima ufue maji yaliyoingia. Tanga lake la pembetatu linaning'inia kwenye foromali, yaani mti wa juu wa tanga, na ukitaka kugeuza upande, foromali inazungushwa mbele ya mlingoti ihamie upande wa pili. Kazi hiyo inafanywa na mtu anayesimama kwenye omo isiyozidi upana wa makalio yake, huku mwingine ameshika usukani. Niliifanya nikiwa na miaka 15 bila kufikiri. Juzi nilijaribu, na kijana aliyekuwa nyuma akaniambia kwa adabu, "Babu, kaa tu." Nikakaa.

Ushauri wangu: ngalawa usinunue, kodi pamoja na mwenyewe. Unapata tanga, unapata baharia, na nauli yako inabaki kijijini. Kwa mwenye fedha kidogo hii ndiyo namna bora ya kubaki baharini, na wenzangu wengi wangefika mbali zaidi kwa njia hii kuliko kwa kununua chombo cha kuozea chini ya mkungu.

Ile ya plastiki ninayoisema ni Hobie Tandem Island. Si katamarani, ni mtumbwi wa mita 5.6 wenye matengo mawili yanayokunjika, na tanga dogo linaloviringika kwenye mlingoti kwa kuvuta kamba. Unakaa kwenye kiti chenye mgongo, na chini ya miguu una pedali zinazopiga makasia kama mapezi ya samaki. Upepo ukifa unapiga pedali ukaenda nyumbani. Mwenye magoti mazima na bega bovu aitazame kwa makini sana. Mwenye kinyume chake asiiguse. Kwa mabaya yake: unakaa karibu na maji kwa hiyo unalowa kuanzia kiunoni, kwenda joshini ni shida bila pedali, na ikipinduka kwa mtu mmoja ni kazi ngumu.

Ukinunua kilichotumika

Hobie 16 ni faiba, na ugonjwa wake mkubwa ni tabaka kuachana ndani ya mtumbwi. Bonyeza kwa dole gumba sehemu ya juu, hasa mbele ya nguzo za mbele. Panaponesa kama ngozi ya embe lililoiva sana, ondoka. Nyufa ndogo zisikutishe, mafundi wa boti za faiba tunao wengi na wanajua kazi. Plastiki ya Wave na Getaway haishikiki kwa gundi. Ikipasuka inachomelewa kwa joto, na mafundi wa hilo ni wachache. Kwa hiyo kwenye plastiki kagua chini ya mitumbwi na pale boriti zinapoingia.

Vyombo vyote: waya za mlingoti zikiwa na nyuzi zilizokatika au kutu kwenye vifungo, badilisha zote bila mjadala. Nyuzi za turubai, vuta kwa kucha. Jua linazila kabla ya turubai lenyewe. Misumari ya chuma kwenye alumini, tazama kama kuna unga mweupe pembeni, maana chumvi huwa inakula pale. Na vizibo vya nyuma vya mitumbwi, viwe viwili, na kimoja cha akiba mfukoni. Niliwahi kutoka bila kizibo kimoja. Sitasema zaidi.

Anayeagiza kutoka nje ajue kuwa mlingoti wa Hobie 16 hauingii kwenye kontena la futi 20.

Jambo moja zaidi ambalo limeua watu katika nchi nyingi: mlingoti wa alumini na nyaya za umeme. Kabla hujausimamisha, angalia juu. Kabla hujakivuta chombo na mlingoti umesimama, angalia juu njia nzima. Huku kwetu nyaya zinapita mpaka kwenye minazi ya ufukweni.

Jaketi okozi livae, usiliweke chini ya kamba eti lipo. Beba kafi, maji ya kunywa, filimbi, na simu kwenye mfuko usioingiza maji. Mwambie mtu wa nyumbani saa utakayorudi, na urudi saa hiyo.

Nilivyowajibu wenzangu

Wa kwanza ana miaka 71, anatoka peke yake, haogopi kupitwa. Wave. Wa pili ana wajukuu watano na shamba boi mwenye nguvu, nikamwambia Getaway, na aanze kwa kununua magurudumu. Wa tatu alitaka Hobie 16 kwa sababu alipanda moja mwaka 1984 na hajaisahau. Nikamwambia twende tukaijaribu, lakini tuipindue kwanza kwenye maji ya shingoni, sisi wawili, tuone.

Tulimkuta muuzaji ufukweni na chombo chake kimeoshwa vizuri. Tulipomwambia tunataka kukipindua alicheka, akadhani ni utani wa wazee. Mwenzangu alipoanza kuvua shati, yule bwana akashusha bei bila kuulizwa. Tukavaa mashati yetu, tukamuaga.